Gari ikichemsha: tafuta maji yametokea wapi kabla hujaongeza mengine

Gari iliyo nzima hainywi maji. Naanza na hili manake hapa Malindi nawaona madereva wengi asubuhi, kabla hata ya kuwasha, boneti iko juu na dumu la lita 5 liko mkononi, wanamimina mpaka rejeta ijae halafu haooo wanaenda zao kazini, na ukiwauliza wanakwambia ndo kawaida yake. Si kawaida jamani. Maji ya rejeta hayatumiki vile petroli inavyotumika, yanazunguka mle mle ndani, pampu inayasukuma kwenye injini yanabeba moto, yanapita kwenye rejeta upepo unayapoza, yanarudi tena kwenye injini, na juu kifuniko kimeziba. Yakipungua basi kuna mahali yametoka, na kila siku unayoongeza bila kutafuta mahali penyewe unajisogeza karibu na bili ya hedi gasketi, ile pakingi iliyo chini ya hedi, yaani kichwa cha injini.

Gereji mazungumzo huwa ni haya haya:

"Fundi, hebu niangalizie, leo imechemsha pale Gede."

"Ulikuwa ukiongeza maji?"

"Ah, hayo naongeza kila siku, kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na huu ni mfungo tatu, kaka."

Hapo gari ilikuwa yaomba msaada miezi miwili mizima. Sasa twende hatua kwa hatua, kuanzia pale ambapo mambo yashaharibika barabarani, halafu tutarudi gereji kwa utaratibu.

Hatua ya 1: mshale ukianza kupanda

Usingoje ufike kwenye nyekundu. Mshale unajulikana mahali unapokaa siku zote, kwa gari nyingi ni katikati au chini kidogo ya katikati, ukiona umepita hapo hata kidogo zima eyasi (AC), fungua vioo, halafu washa hita, moto wa mwisho na feni ya mwisho. Hata iwe mwezi wa pili, kaskazi yenyewe haina huruma, jasho linakutoka na wewe unaambiwa uwashe hita, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili iko ndani ya dashibodi, inachukua moto wa injini na kuutoa kwako, na mara nyingine inatosha kukufikisha mahali pa kusimama salama. Na inakupa habari pia: ikiwa mshale uko juu na hita inapuliza baridi, ujue maji yameisha au hayazunguki, hapo usiendelee hata mita 100, toka barabarani uzime.

Vitz na Passo nyingi za miaka ya karibuni hazina mshale kabisa, zina taa. Ya bluu ukiwasha asubuhi ni sawa, inasema injini bado baridi, baada ya muda itazimika. Nyekundu ikiwaka ni kwamba tayari imechemsha, hakuna mshale wa kukuonyesha moto unavyopanda, kwa hivyo mwenye gari hizi inabidi awe mkali zaidi kwa kuangalia maji asubuhi.

Na kitu kimoja ambacho kimeua injini nyingi: mshale ulikuwa juu, halafu ghafla ukashuka wenyewe, dereva akasema alhamdulillah imepoa akaendelea. Haijapoa. Ile sensa inayoendesha mshale inapima moto wa maji, maji yakiisha inabaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke inasoma uongo. Mshale ukishuka ghafla bila sababu uwe na wasiwasi kuliko ulivyokuwa juu.

Hatua ya 2: zima, na mkono usiguse kifuniko

Simama pembeni kabisa, weka ile pembetatu nyekundu nyuma, hasa ukiwa kwenye kile kipande cha msitu wa Arabuko Sokoke ambapo mabasi ya Mombasa yanapita kwa kasi. Fungua boneti kwa uangalifu kama kuna mvuke, kisha ngojea. Nusu saa ni kidogo, dakika 45 ni sawa, saa nzima ni bora.

Sababu ni hii. Maji ya kawaida yanachemka kwa nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta yamebanwa na kile kifuniko, ndo maana juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kinayoshikilia, na kwa presha hiyo maji yanaweza kupita nyuzi 115 na bado hayajachemka. Sasa wewe ukifungua presha inaondoka, na yale maji yote yanachemka kwa mpigo mmoja yanaruka usoni. Kitambaa hakisaidii. Utingo aliyezoea hasaidii. Bana ile hosi kubwa ya juu, ikiwa ngumu na ya moto bado, ikiwa laini na unaweza kuishika bila kuruka hapo ndo unaweza kuzungusha kifuniko kidogo mpaka kituo cha kwanza, usikilize kama kuna mvuke unatoka, ukiisha ndo umalizie.

Mtu akiungua, maji safi ya bomba ya baridi ya kawaida, yamiminwe dakika 20 bila kuacha, vua pete na saa kabla hapajavimba, halafu hospitali. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya nazi.

Na usimwagie injini ndoo ya maji. Utasikia watu waliosimama wakikwambia ipoze ipoze, wanaleta ndoo kwa nia njema kabisa, waambie ahsante na uwazuie. Hedi ya gari nyingi ni ya aluminiamu, ikipigwa na maji baridi ikiwa ya moto sana inapinda au inapasuka, na hapo shida ya hosi inageuka kuwa shida ya kufungua injini.

Hatua ya 3: unapongojea, tafuta tundu

Huu ndo wakati mzuri, manake michirizi ya maji bado inaonekana. Inama chini ya gari. Kwanza tofautisha na maji ya eyasi: hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, gari ikisimama na eyasi imewaka inatiririsha mpaka inaacha dimbwi, na hayo ni maji meupe, hayana harufu, yanatoka chini ya dashibodi nyuma ya injini. Hayo si kitu. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina rangi, nyekundu, pinki au kijani, ukisugua kati ya vidole inateleza, harufu yake ina utamu utamu, na ikikauka inaacha ukoko. Usiionje, ni sumu.

Halafu fuata kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji yanadondoka mahali pamoja lakini yametokea kwengine. Angalia hosi ya juu na ya chini zinapoingia kwenye rejeta. Magari yetu yanaoza kwa hewa ya bahari, na klipu ndo inayoanza, utaona imeshika kutu ya rangi ya kahawia, na ukiisogeza hosi kidogo unaona chini yake mpira umevimba na una nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino kikavu, na maji yanatoa tone, yanasimama, yanatoa tone. Watu wanabadilisha hosi na kurudisha klipu ile ile iliyooza. Klipu mpya bei yake si kitu, badilisha zote.

Angalia rejeta yenyewe. Za siku hizi katikati ni aluminiamu, juu na chini ni tangi za plastiki nyeusi, na plastiki ikizeeka inageuka kahawia halafu inapasuka ufa mwembamba, mara nyingi pale inapobanwa na ile aluminiamu au pale hosi inapoingilia. Gari ikiwa baridi ule ufa hauonekani. Ndo unaona mtu anasema fundi aliangalia hakuona kitu, manake aliangalia asubuhi, presha haipo. Pitisha kidole pia kwenye yale mabati membamba ya mbele, yakivunjika kama unga basi chumvi ya hewani ishayamaliza na hata kama rejeta haivuji haipozi tena.

Ukiona mstari wa ukoko wa pinki chini ya puli ya pampu ya maji, hiyo ni pampu. Ina kitundu kidogo chini ambacho kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo kukuarifu. Kuna wanaokiziba kile kitundu kwa gamu. Usikubali, maji yatapita kwenye beringi na pampu itakwama ukiwa njiani.

Hatua ya 4: maji gani uongeze ukiwa njiani

Maji ya kunywa ya chupa ni sawa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni mazuri, maji ya bomba yanapita kwa dharura. Maji ya kisima cha chumvi hapana, na hapa kwetu visima vingi ni vya chumvi, hasa ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, Gongoni mpaka Marereni ambako wanatengeneza chumvi yenyewe. Maji ya bahari ndo usifikirie kabisa, lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, yanakula aluminiamu na kujaza magamba kwenye vijia vya rejeta. Ikiwa huna budi kabisa uko porini njia ya Garsen na kilichopo ni maji ya kisima, ongeza, lakini ukifika mjini siku hiyo hiyo mwaga yote na usafishe, usiseme nitafanya wikendi.

Injini ikishapoa, ongeza kidogo kidogo. Jaza, subiri dakika chache, washa injini ilale sailensa, yaani ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, uone yanashuka kiasi gani, ongeza tena. Gari ndogo kama Probox au Vitz mfumo mzima unabeba kama lita 4 mpaka 6, kwa hivyo ikiwa imemeza lita 4 ujue ilikuwa karibu kavu, na hiyo gari usiiendeshe kwenda mbali, itafutie gari la kuvuta.

Hatua ya 5: kuziba kwa muda ufike gereji

Hosi ikitoboka katikati, kata mpira wa tyubu ya baiskeli ukanda wa upana wa vidole viwili. Kausha hosi vizuri na kitambaa, anza kufunga mbali na tundu, vuta mpira kwa nguvu kila mzunguko mpaka upite upande wa pili, kisha rudi juu yake mara kadhaa na ufunge na waya au klipu. Tepu ya umeme peke yake haishiki kwenye maji ya moto. Ikiwa hosi imepasuka mwishoni karibu na klipu na ina urefu wa kutosha, kata ile sehemu mbovu uingize upya, hiyo inashika vizuri zaidi.

Halafu kifuniko usikikaze mpaka mwisho, kiache kwenye kile kituo cha kwanza ili presha isijae ipasue ulichofunga. Lakini elewa kwamba bila presha maji yatachemka mapema, kwa hivyo endesha pole pole, kilomita 50 au 60 kwa saa, eyasi imezimwa, hita imewashwa, na simama kila baada ya kilomita chache uangalie.

Kuhusu bizari, manjano, yai na zile dawa za kuziba za chupa ambazo watu wanatia kwenye rejeta: zinaziba, sikatai, ndo maana watu wanazipenda. Shida hazijui tundu ni lipi na kijia cha rejeta ni kipi, zinaziba vyote. Leo umefika nyumbani, mwezi ujao gari inachemsha bila kuvuja hata tone, na ukifungua rejeta unakuta tope la njano. Mimi sizitii kwenye gari ya mtu ambaye bado anaihitaji.

Hatua ya 6: gereji, kwa mpangilio

Mwambie fundi aanze na vitu rahisi. Kifuniko kwanza: mpira wake umekauka au una mikwaruzo? Springi inarudi? Kifuniko kikichoka maji yanatoka kwenda kwenye tangi la akiba na hayarudi, na ukikuta asubuhi hosi ya juu imejikunja bapa kama imefyonzwa, vali ya kifuniko imekwama. Nunua chenye namba ile ile ya mwanzo, usipandishe kutoka 0.9 kwenda 1.1 ukidhani ni kikali zaidi, utapasua rejeta.

Kisha apige presha. Kuna pampu ya mkono yenye geji inafungwa mahali pa kifuniko, unapampu mpaka ile namba ya kifuniko, injini ikiwa baridi, unaacha dakika 10. Geji ikishuka kuna tundu, na kwa vile gari ni baridi unaweza kuweka uso karibu ukalitafuta kwa raha. Gereji isiyo nayo iiazime kwa jirani. Kubahatisha ndo kunakumaliza pesa, leo pampu, kesho rejeta, keshokutwa hosi.

Feni: washa injini na eyasi, kwa gari nyingi za Toyota za petroli feni inatakiwa ianze kuzunguka karibu papo hapo. Ikiwa haizunguki angalia fyuzi, rilei (ile swichi ndogo ya umeme), halafu mota yenyewe, plagi zake huku pwani zinaota kutu ya kijani. Dalili ya feni mbovu ni gari kuwa sawa ukiwa mwendo kutoka Kilifi halafu kuchemsha ukikaa kwenye foleni ya Mtwapa. Rejeta iliyoziba ni kinyume, inachemsha ukikimbia na ukipanda mlima.

Thamostati, hapa nataka tusikizane. Gari ikichemsha tu fundi anaitoa anaitupa, anakwambia huku kwetu ni joto haina kazi. Ina kazi. Inazuia maji mpaka injini ifike kama nyuzi 82 mpaka 88 ndo inafungua, injini ipate moto wake haraka na ibaki hapo. Ukiitoa inachelewa kupata moto, inakula petroli zaidi, oili inachafuka mapema, na kwa baadhi ya injini thamostati ndo inayoziba ile njia ya mkato, ukiitoa maji mengi yanazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta na gari inachemsha zaidi ya mwanzo. Kama hamuiamini, itieni kwenye sufuria ya maji jikoni, pasheni moto, muione ikifunguka au isifunguke. Isipofunguka nunua mpya. Gari bila thamostati usiikubali irudi nyumbani kwako.

Ikiwa tundu halionekani popote na maji bado yanapungua, ndo sasa mnafikiria hedi gasketi. Angalia kifuniko cha oili na ile stiki ya kupimia oili: oili ya rangi ya chai ya maziwa ni dalili mbaya. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, dalili nyengine. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, washa, mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma au hosi ikawa ngumu ndani ya dakika moja tu, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachogeuka njano, hicho hakibishaniwi. Na hedi ikifunguliwa lazima ipimwe kama imepinda na ikwanguliwe kwa mashine, kurudisha gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa baharini.

Hatua ya 7: kujaza na kutoa hewa

Mwaga ya zamani kwenye beseni, si kwenye mtaro. Ni sumu, paka na mbuzi wanailamba na inawaua, na watoto vilevile wawe mbali. Pitisha maji safi mara kadhaa mpaka yatoke meupe. Kulanti isiyochanganywa changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa chumvi, yale ya betri yanafaa, lakini soma chupa vizuri manake asidi ya betri inauzwa rafu moja na hayo maji. Kama ni iliyochanganywa tayari usiongeze maji. Usichanganye aina mbili tofauti kwa kufuata rangi. Watu huniuliza kwani kuna baridi gani hapa mpaka tutie kulanti: inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka, na hayo matatu Malindi tunayahitaji kuliko mtu wa Limuru kwenye baridi.

Pandisha pua ya gari juu ya kamlima au jeki, fungua kifuniko, hita iwe moto wa mwisho, washa injini, bana bana zile hosi na ongeza polepole mapovu yakitoka, mpaka feni iwake na hita itoe moto kweli kweli. Funga, jaza tangi la akiba katikati ya mistari miwili.

Baadaye chora alama kwa kalamu ya maka kwenye tangi pale maji yalipofika, gari ikiwa baridi imesimama sawa. Kila asubuhi angalia alama kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza au ya pili yakishuka kidogo ni hewa iliyobaki inatoka, ongeza mara moja. Yakishuka tena baada ya hapo usichukue dumu, rudi kwa fundi mwenye pampu ya presha na umwambie yameshuka kiasi gani na kwa siku ngapi.